Jinzi ya Kinyozi

Kila siku akitoka shule, Kiroboto alivua sare, akala kilichokuwepo, kisha akaingia chumba cha mbele kumsaidia Shangazi. Jina la Kiroboto alipewa na huyo huyo Shangazi, maana tangu mdogo hakujua kukaa mahali pamoja. Ukimwambia kaa, anaruka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuwa wazazi wake walifanya kazi mbali, aliishi na Shangazi, fundi wa kushona jinzi.

Jinzi zile hazikutoka ng'ambo wala kwenye marobota ya mitumba. Kitambaa chake kilifumwa kiwandani hapa hapa nchini, kwa pamba iliyolimwa hapa hapa. Shangazi alimpima mteja kiuno, nyonga, paja na goti, kisha akamwambia achuchumae, akampima tena. "Suruali inavaliwa na mtu anayetembea na kukaa," alisema. "Haivaliwi na mlingoti." Mishono ya miguu aliikunja mara mbili na kuipiga nyuzi mbili za rangi ya chungwa, zikashuka sambamba kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo bila kugusana hata mara moja. Pembe za mifuko alizigongea vijichuma vya shaba kwa nyundo ndogo. Ukiivaa jinzi yake mwaka mzima, haichakai. Inalainika tu na kukuzoea, magoti yakapauka taratibu yakawa ya kwako wewe, si ya mtu mwingine.

Kazi ya Kiroboto ilikuwa kulowesha. Kitambaa kipya cha jinzi ni kigumu kwa wanga wa kiwandani, tena kikikutana na maji kwa mara ya kwanza kinanywea na kupungua. Kwa hiyo, kabla mkasi haujakigusa, sharti kiloweshwe katika maji ya moto kutwa nzima, kisuuzwe, kianikwe. Na kesho yake mambo yaanze upya. Kikiwa kimelowa ni kizito kama mtu aliyezirai. Na rangi yake! Rangi ya buluu ilipanda mpaka viwikoni na ilikaa siku tatu, usugue usisugue.

"Usiniguse daftari, Chupa ya Wino!" wenzake darasani walimwambia. Mwingine akadakia, "Jamani, nani amelikaba anga likamvujia?" Darasa zima likaangua kicheko. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, msichana waliyemwita Pamba, kwa sababu babu yake ndiye aliyekuwa akimuuzia Shangazi vitambaa. Pamba na Kiroboto walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza.

Sasa ikatokea kwamba Kiroboto alichaguliwa kusoma hotuba ya kuwakaribisha wageni wa shule, siku ya Jumatatu, mbele ya watu wote, karatasi ikiwa mkononi. Na Jumamosi kabla ya siku hiyo, Shangazi akaitwa kwenda kumwangalia ndugu yao mgonjwa.

"Kitambaa cha suruali ya Kinyozi ndicho hicho," alisema akifunga kanga kichwani. "Kiloweshe leo, kesho ukirudie. Jumatatu nakata. Jirani atakuangalia. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Kiroboto alikitazama kitambaa. Akaitazama mikono yake, safi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Akafikiri juu ya ile karatasi nyeupe na vidole vya buluu juu yake, na watu wote wakitazama. Basi akachota maji kwa kikombe, akanyunyizia juu juu, akakianika kitambaa kwenye kamba. Jumapili akafanya vile vile. Kazi ya siku mbili ikaisha kwa vikombe viwili vya maji.

Hotuba aliisoma vizuri, na akapigiwa makofi. Aliporudi nyumbani, Shangazi alikuwa amekitandaza kitambaa mezani, anakisugua kwa vidole.

"Mbona kigumu hivi? Ulikilowesha kweli?"

"Nilikilowesha, Shangazi. Jua lilikuwa kali sana, ndiyo maana."

Shangazi alikibonyeza tena kwa kidole gumba. Alikuwa amechoka na safari, na Kinyozi alikuwa akiisubiri suruali yake. Akachukua chaki, akachora, akakata.

Jumamosi iliyofuata, sauti ilisikika barabarani kabla mtu hajaonekana.

"Fundi! Uko ndani, au umeshakimbia?"

Alikuwa Kinyozi. Ni mtu wa mapaja manene na sauti kubwa kuliko mashine yake ya kunyolea. Alikuja ameibeba jinzi mpya begani, na nyuma yake watu kadhaa waliokuwa wakisubiri kunyolewa, mmoja kichwa kimenyolewa nusu.

"Nimeifua mara moja. Moja! Tazama!" Aliiweka suruali mbele ya kiuno chake, pindo likaishia juu ya vifundo vya miguu. "Leo nimelala chali kitandani, mke wangu anavuta zipu, mimi navuta pumzi. Zipu imefika nusu, imegoma. Mke wangu amecheka mpaka ameomba maji. Nauliza, Fundi, hii ni suruali au soksi?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. "Ndizo hizo za hapa hapa," alisema yule wa kichwa nusu. "Ungenunua mtumba, ndugu yangu. Aliyeuvaa kwanza alishakufulia."

"Nyamaza wewe, karudi ukamalizwe kichwa chako!" Shangazi alifoka. Kisha akageuka. "Kiroboto! Kitambaa hiki ulikilowesha?"

Macho yote yakamgeukia. "Nilikilowesha, Shangazi."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi ni kitambaa kibovu! Yule mzee ameniuzia takataka!"

Akatoka kama alivyo, tepu ikining'inia shingoni, Kinyozi nyuma yake, na Kiroboto nyuma ya Kinyozi, miguu mizito. Muuza vitambaa, mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akikunja jora. Pamba alikuwa kando yake.

"Umenichanganyia kitambaa!" Shangazi aliirusha jinzi juu ya meza. "Umenipa kibovu kwa jina la kizuri!"

"Shusha sauti, mama. Kitambaa ni kile kile cha siku zote."

"Sishushi! Miaka kumi na minane nashona, hakuna suruali iliyowahi kunirudia. Mwizi mkubwa wewe!"

Mzee alivua miwani. "Umeniita mwizi mbele ya mjukuu wangu," alisema polepole. "Toka. Na kuanzia leo, hata kipande cha uzi hutakipata kwangu."

Na hilo ndilo lililokuwa duka pekee mjini lililouza kitambaa cha kiwanda kile.

Jumatatu, Kiroboto alikuta dawati lina nafasi. Pamba alikuwa amehamisha mkoba wake nyuma kabisa.

"Pamba, kwani mimi nimefanya nini?" alimfuata wakati wa mapumziko. "Mimi sikusema kitu."

"Ndiyo. Hukusema kitu," Pamba alijibu bila kumtazama. "Shangazi yako kamwita babu yangu mwizi, na babu tangu siku ile anasukuma tu sahani. Na wewe ulisimama pale pale, mdomo umefunga."

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wateja wawili walikuwa wamekuja kuondoa oda zao. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na Shangazi alikaa ameshika shavu. "Labda nifungue robota la mitumba kama wengine," alisema, kama anayezungumza na ukuta. Kiroboto alitaka kusema. Maneno yalifika kwenye ulimi, yakarudi.

Haukupita muda, hodi ikapigwa. Alikuwa muuza vitambaa, ameshika jora kwapani. Pamba alikuja na beseni, na Kinyozi aliletwa awe shahidi.

"Sikuja kwa wema," mzee alisema. Hakuketi. "Nimekuja kusafisha jina langu. Jora ni lile lile lililokatwa kitambaa cha huyu bwana. Chemsha maji."

"Nitachemsha!" alijibu Shangazi. "Leo utaumbuka."

Mzee alikata kipande, akakipima mbele ya wote: sentimita hamsini kila upande. Wakakitia katika maji ya moto, wakangoja wamenuniana, kila mtu na ukuta wake. Wakakikamua, wakakikausha kwa pasi. Kinyozi akasoma tepu.

"Arobaini na sita."

"Si mmeona!" Shangazi aliruka. "Kimenywea!"

"Kila kitambaa kibichi kinanywea kwenye maji ya kwanza, na wewe unajua hilo kuliko mimi. Kirudishe majini."

Wakakirudisha. Wakakausha tena. Kinyozi akapima, akapima tena kwa kuwa hakuamini. "Arobaini na sita ile ile."

"Basi kitambaa changu ni kizima," mzee alisema. "Kuna mtu amekata kibichi, bila kukilowesha."

"Unaniita mwongo ndani ya nyumba yangu?" Shangazi alisimama, na mzee naye hakurudi nyuma. Kinyozi akaingiza mkono katikati yao. Pamba akaanza kulia.

"Ni mimi!"

Kiroboto mwenyewe alishangaa kusikia sauti yake ilivyo kubwa. "Sikukilowesha. Nilikinyunyizia tu. Nilikuwa na hotuba, sikutaka wanicheke mikono. Nimedanganya mara mbili. Shangazi, babu hajakosa kitu."

Kiroboto alingoja kofi, lakini halikuja. Shangazi aliketi kwenye kigoda. Kisha akainuka, akamwendea mzee, akainamisha kichwa.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekutukana mbele ya watu, na nitakuomba radhi mbele ya watu hao hao. Vidole vyangu viliniambia kitambaa ni kigumu, nikavipuuza kwa sababu ya haraka. Hiyo sehemu ni yangu, si ya mtoto."

Mzee alipangusa miwani kwa muda mrefu. "Yamekwisha," alisema mwishowe.

"Yamekwisha kwenu," alisema Kinyozi. "Mimi bado sina suruali."

Wiki ile Kiroboto hakuruka popote. Alilowesha kitambaa kipya kutwa, akakisuuza, akakianika, akarudia. Alikwenda dukani pamoja na Shangazi, na Shangazi akaomba radhi kwa sauti ile ile aliyotukania. Kisha wakaenda kwa wale wateja wawili, na huko aliyeeleza kosa ni Kiroboto mwenyewe, Shangazi amesimama pembeni hamsaidii hata neno. Mteja mmoja alikubali kushonewa tena. Wa pili alifunga mlango.

Kinyozi alipata jinzi yake. Aliifua kwanza, kisha akaivaa, akachuchumaa katikati ya barabara mara tatu watu wote wakitazama, akainuka bila kushika chochote. Yule wa kichwa nusu, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa kimemalizwa, naye alikuja kupimwa. "Nipime," alisema kwa kununa. "Lakini nakuangalia."

Pamba alirudi dawatini siku ya Alhamisi. Hakusalimu. Aliweka mkoba wake katikati, kama mpaka. Kiroboto hakuugusa.

"Shangazi," Kiroboto aliuliza siku hiyo, wakikunja kitambaa kilichokauka, yeye upande huu, Shangazi upande ule, "Pamba bado ana hasira na mimi. Na wewe je? Umenisamehe?"

"Nimekusamehe tangu siku ile." Shangazi alivuta pembe zake zikanyooka. "Lakini nisikilize vizuri. Mteja anaona mshono, anaona zipu, anaona shaba inavyong'aa. Kulowesha hakuoni. Hiyo sehemu asiyoiona ndiyo anayotuachia sisi, kwa kutuamini. Ukiiba hapo, umeiba mahali ambapo hapana mlinzi. Na kingine: ulidhani uongo wako umekaa hapa ndani, kimya. Haukukaa. Ulitoka, ukaenda dukani, ukamtukana mzee wa watu kwa mdomo wangu."

Kiroboto aliinamisha macho. Shangazi akachukua tepu na chaki, akatia alama mbili kwenye kitambaa kingine, kibichi, cha kuloweshwa kesho.

"Hizo alama za nini, Shangazi?"

"Nitapima kabla hujalowesha, na nitapima ukishalowesha."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Mpaka lini?"

Shangazi aliikunja tepu. "Mpaka siku nitakayosahau kupima," alisema, akamkabidhi kitambaa.