Fundi wa Magauni na Figo ya Mdogo Wake

Karakana ya magauni ya harusi ilikuwa na sheria moja: maji hayaingii ndani. Tone moja likidondokea hariri nyeupe, kazi imeharibika. Basi mafundi walishinda na kiu. Mgongo ukiuma, walimeza vidonge vya maumivu kutoka kopo la pamoja.

Fundi mmoja, mama wa makamo, hakupaswa kuishi hivyo. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, na mdogo wake, fundi bomba, akampa yake moja. Tangu hapo alimeza dawa za kupunguza kinga, ili mwili usiikatae figo hiyo. Hakukosa hata siku moja, hilo tumpe haki yake. Lakini vidonge vya kopo navyo alimeza, maana wenzake wote walimeza.

Siku ya kliniki alikwenda na mdogo wake. Muuguzi alisoma majibu ya damu, akakunja uso. Figo ilikuwa inaanza kuchoka. Aliuliza hili na lile mpaka habari ya kopo ikatoka.

"Mama, dawa zako zinailinda figo," alisema. "Lakini zikizidi kwenye damu, zinaweza kuiumiza. Ndiyo maana tunakupima. Sasa wewe umeongeza kiu na vidonge vya maumivu juu yake, navyo vinaiumiza figo."

"Basi niache hizi za kinga."

"Usithubutu. Ukiacha, mwili utaishambulia figo. Usipunguze wala usiongeze mpaka daktari aseme."

Daktari alirekebisha kipimo cha dawa. Akamwambia anywe maji kwa kiasi alichopangiwa, na asimeze dawa nyingine, hata ya miti shamba, bila kuuliza. Siku ya kupima damu, dozi ya asubuhi aje nayo mkononi, aimeze baada ya kutolewa damu, ili kiwango cha dawa kisomeke sawasawa.

Njiani mdogo wake alinuna. "Nahangaika na mabomba ya mji mzima, dada. Langu mwenyewe nimekupa wewe, halafu unaliacha likauke?"

Fundi alicheka, kisha akaona aibu. Kesho yake alijifunga kibwebwe. Chupa ya maji aliiweka kwenye kigoda nje ya mlango. Alikuwa akitoka, anakunywa, anafuta mikono, anarudi. Kopo hakuligusa tena. Mgongo aliuwekea mto kitini.

Msimamizi wa karakana alinung'unika kwamba bibi harusi anasubiri. Fundi akaweka sindano chini, akasimama.

"Atasubiri nikanywe maji. Gauni likiharibika nitashona jingine. Figo nyingine sina pa kuipata."

Haukupita muda mrefu, chupa za mafundi wengine nazo zikajaa pale nje.

Kliniki iliyofuata, muuguzi alisoma majibu akatabasamu. Figo ilikuwa imepata nafuu. Mdogo wake alimshika dada yake mkono, na hakuuachia mpaka walipofika nyumbani.