Rangi ya Saa za Daku

Katika mtaa wa Nyamirambo, mjini Kigali, palikuwa na kibaraza chenye kazi mbili. Upande mmoja alikaa Maneno, fundi wa saa. Upande wa pili alikaa mkewe, Swafiya, na cherehani yake. Katikati alikaa binti yao, Nyirarukundo, akishona vifungo.

Ilikuwa mwaka 1968. Nyumba nyingi za mtaa huo hazikuwa na umeme. Kila Ramadhani ilipokaribia, wateja walimletea Maneno saa zao za kengele. Walitaka namba zing'ae gizani, ili mama wa nyumba ajue wakati wa daku bila kuwasha taa na kuamsha watoto.

Maneno alikuwa na chupa ndogo za unga. Alizinunua mwaka 1962 kwa fundi Mzungu aliyekuwa akifunga duka ili arudi kwao. Unga ule ukichanganywa na gundi uligeuka kuwa rangi. Gizani rangi hiyo iling'aa kijani, kama macho ya paka.

Maneno alijua kufungua saa, lakini kupaka namba ndogo kulimshinda. Swafiya ndiye aliyepaka. Mafundi cherehani wa mtaa ule hulowesha uzi kwa mate ili upite kwenye tundu la sindano. Swafiya alifanya vivyo hivyo na brashi. Namba moja, brashi mdomoni. Namba ya pili, brashi mdomoni. Ncha ikawa nyembamba kama unywele.

"Mke wangu akicheka gizani, namwona meno," Maneno aliwaambia wateja. "Mafuta ya taa ninunue ya nini?"

"Nunua tu," Swafiya alijibu. "Kwa vituko vyako hivyo, iko siku nitaacha kucheka."

Mwaka huo jino la Swafiya lilianza kuuma. Likang'olewa. Kidonda hakikupona. Jino la pili likalegea, likatoka lenyewe alipokuwa akila ugali. Shavu likavimba. Alikonda, akachoka hata kukanyaga cherehani. Majirani walimletea karafuu. Wengine walisema amelogwa na fundi mwenzake. Swafiya alifunga shavu kwa kanga, akaendelea kufanya kazi.

Mwezi wa Shaabani, unaotangulia Ramadhani, ulipofika, saa zilijaa mezani. Mkono wa Swafiya ulitetemeka. Akaiweka brashi chini.

"Nyirarukundo atapaka," alisema Maneno. "Ana mkono wa mama yake."

"Shika hivi, mwanangu," Swafiya alisema. Sauti ilimtoka kwa shida. "Lowesha kwanza. Kama uzi."

Asubuhi hiyo alikuja Mukandekezi, muuguzi aliyekaa nyuma ya msikiti. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha hospitali kinachopiga picha za mifupa. Alileta gauni lake la kazi lipanuliwe kiunoni. Alipopanda kibarazani, Nyirarukundo alikuwa ameinua brashi. Ilikuwa karibu na midomo yake.

Mukandekezi aliushika mkono wa msichana.

"Hiyo rangi inang'aa gizani?" aliuliza.

"Inang'aa, dada," alisema Maneno. "Nikupakie saa yako?"

Mukandekezi alimtazama Swafiya, akaitazama kanga iliyofunga shavu lake.

"Mama, na wewe ulikuwa unaitia mdomoni?"

"Miaka yote. Isipokuwa Ramadhani. Nikifunga, natumia maji."

"Na namba zilitoka vizuri kwa maji?"

"Zilitoka. Zilichelewa kidogo tu."

Swafiya aliitazama brashi. Kisha akasema taratibu, "Kumbe maji yalitosha."

Mukandekezi alivuta kigoda, akaketi.

"Ndani ya rangi hii nadhani kuna radiamu," alisema. "Hicho ni kitu kinachotoa mionzi. Mionzi haionekani, hainuki, haichomi kama moto. Lakini inaingia mwilini na kuharibu nyama na mifupa. Zamani, ilipogunduliwa, watu waliipenda. Wengine waliitia katika maji ya kunywa, wakadhani ni dawa. Huko Amerika wasichana wa viwandani walipaka saa kwa rangi ya namna hii. Walichonga brashi kwa midomo, kama wewe. Wakang'oka meno. Mataya yakaoza. Wengi wakafa. Haya tulifundishwa darasani, ili na sisi tusichezee mionzi."

"Dada, usimtishe mgonjwa," alisema Maneno. "Yule Mzungu alipaka miaka mingi. Aliondoka hapa mzima."

"Alitia brashi mdomoni?"

Maneno alikumbuka duka lile, na mtu yule akiwa ameinama mezani.

"Hapana," alisema. "Alifuta kwa kitambaa."

"Hakukueleza kwa nini?"

"Sikumuuliza."

Swafiya alimtazama mumewe. Maneno aliinamisha kichwa. Kisha akachukua chupa moja kuukuu.

"Lakini hii imekufa. Hata gizani haing'ai tena. Hii nayo ina ubaya gani?"

"Ngoja tuipime," alisema Mukandekezi.

Kesho yake alileta filamu ya kupigia picha za mifupa, imefungwa kwa karatasi nyeusi. Mwanga wa jua hauwezi kupenya karatasi hiyo. Aliilaza ndani ya kasha la bati. Juu yake akaweka uso wa saa uliopakwa rangi, na kando yake ile chupa iliyokufa. Akafunga kasha. Baada ya siku chache alikwenda kuisafisha filamu hospitalini, akairudisha.

Maneno aliinyoosha kuelekea juani. Namba zote za saa zilikuwa zimejichora. Kando yake palikuwa na doa jeusi, pana, mahali ilipokaa chupa.

"Hakuna aliyepiga picha hii," alisema Mukandekezi. "Mionzi imejipiga yenyewe, kupitia karatasi. Kinachokufa ni mng'ao. Radiamu haifi. Sisi tutakufa, na wajukuu wetu, nayo itakuwa bado inatoa mionzi."

Maneno aliiweka filamu mezani.

Siku hiyo hiyo walikwenda hospitali wote watatu. Daktari alimpiga Swafiya picha ya taya. Nyirarukundo aliogopa mashine.

"Usiogope," Mukandekezi alimwambia. "Mashine hii nayo hutoa mionzi, lakini kidogo, na kwa sababu ya matibabu. Ikizimwa, mionzi inakwisha. Sisi tunaofanya kazi hapa kila siku tunasimama nyuma ya ukuta. Hatari ni kukaa na mionzi bila kujua, na hatari kubwa zaidi ni kuimeza."

Taya la Swafiya lilikuwa limelika kama mti ulioingiwa na mchwa.

"Mwili hudhani radiamu ni chokaa ya mifupa," daktari alieleza. "Huichukua na kuijengea mfupa."

"Mtaitoa?" Swafiya aliuliza.

"Hatuwezi, mama. Tutapunguza maumivu."

"Na mtoto wangu?"

"Amekaa karibu na vumbi lake, kwa hiyo tutamwangalia kila mwaka. Lakini hakuila."

"Basi," alisema Swafiya. "Hilo ndilo nililotaka kusikia."

Watu wa hospitali walikuja na sanduku la risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi. Walichukua chupa, brashi na meza nzima. Walipangusa kibaraza kwa vitambaa vyenye maji, wakakataza kufagia, maana vumbi lingeruka na kuvutwa puani. "Msitupe kitu hiki chooni," walisema. "Msikichome, wala msikifukie shambani. Toeni habari."

Maneno alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba saa zirudishwe.

"Na daku nitaijuaje?" mama mmoja alimwuliza kwa hasira. "Wewe mwenyewe uliisifu rangi hii."

"Niliisifu," alisema Maneno. "Mke wangu ndiye aliyelipa. Usiifungue hiyo saa, mama, wala usiikwaruze. Nipe."

Akampa. Karibu wote walitoa.

Swafiya hakuiona Ramadhani ya mwaka uliofuata. Mwishoni hakuweza kusema. Alikaa kibarazani akimtazama binti yake akishona. Nyirarukundo alikata uzi kwa mshazari, akausugua kwenye nta, akausokota kwa vidole. Ukapita tunduni mara ya kwanza. Mama yake alinyoosha mkono, akamgusa midomo kwa kidole. Akakigeuza kidole kwenye mwanga, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

Leo Nyirarukundo ni fundi cherehani, na wasichana wa mtaa hujifunza kwake. Anayetia uzi mdomoni humsimamisha na kumpa nta. Wasichana humcheka, kwa sababu uzi hauna sumu. Naye huwaachia wacheke. Ni mama wa watoto wanne sasa, na meno yake yote yapo.