Kipete cha Mpira Mfukoni

Kila alipotoka shule, Kidole alinawa mikono, akala, kisha akaketi mezani na shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikiguse. Shangazi alikuwa na mwandiko wa kupendeza, na shule za jirani zilimletea vyeti aandike majina ya wahitimu kwa kalamu yake ya wino.

Siku hiyo Kidole hakugusa kitu. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni.

"Leo umemeza nini, mbona huna neno?" shangazi alimtania.

"Sina kitu, shangazi."

Shangazi aliandika herufi tatu tu. Tone zito la wino likadondoka, likatanda katikati ya cheti.

"Haya! Hii nayo imeanza lini?"

Mwalimu mkuu alikuwa ameleta vyeti ishirini na viwili kwa wanafunzi ishirini. Kumi na saba viliandikwa jana. Vilivyobaki angevifuata saa kumi, na sherehe ilikuwa kesho asubuhi.

Shangazi aliifuta ncha, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa imepinda. Akadhani wino umepungua, na hewa iliyobaki ndani inapata joto la mkono na kuusukuma nje. Akaijaza kalamu pomoni, akachukua cheti kingine. Safari hii wino ulipenya katikati ya vidole vyake, na dole gumba likaacha alama nyeusi pembeni.

"Sasa hakuna cha akiba," alisema kwa sauti ya chini. "Kikiharibika kimoja tu, kuna mtoto atapanda jukwaani na kushuka mikono mitupu." Aliitazama orodha. "Na anayefuata ni dada yako."

Kidole alikibana kitu kilichokuwa mfukoni mwake. Jana jioni, shangazi alipokwenda dukani, aliifungua kalamu aone wino unapita wapi. Alipokwisha kuifunga ndipo alipoona kipete cha mpira kinachozuia wino kuvuja kikiwa sakafuni, na shangazi alikuwa tayari mlangoni. Akakitia mfukoni.

Ncha ilikaribia karatasi.

"Shangazi, usiandike!"

Alikiweka kipete mezani, akasimulia yote huku sauti ikimkatika.

Shangazi aliifungua kalamu. Alikirudisha kipete mahali pake, akaikaza kalamu, akaishika ncha ikiangalia chini. Wote wawili waliikodolea macho, dakika moja, mbili, tatu. Halikudondoka tone. Ndipo akaandika majina matatu, polepole, na hodi ikasikika akimalizia la mwisho.

"Muda wote nilikuwa naihoji kalamu, kumbe jibu unalo wewe mfukoni," alisema. "Na kama jina lingekuwa la mtoto usiyemjua, ungesema?"

Kidole aliinama. "Sijui, shangazi."

"Angalau hapo umesema kweli. Kutaka kujua si kosa. Ungeniomba, ningekufungulia mwenyewe. Kosa ni kuniacha nihangaike ilhali unajua. Ukiharibu kitu, sema papo hapo, maana huwezi kuchagua nani ataumizwa na kimya chako."

Hodi ilipigwa tena. Shangazi alimkabidhi vile vyeti viwili vyenye madoa.

"Kamfungulie mwalimu mkuu. Na kuhusu hivi utamweleza wewe."

Kidole alifuta machozi, akavishika kwa mikono miwili, akaenda mlangoni.