Sijamaliza Usaili Wangu

"Mama, weka huo mwiko chini."

Sikuuweka. Nilikuwa katikati ya jiko, nimevaa koti la marehemu mume wangu juu ya gauni, mwiko nimeushika kama kipaza sauti, ugali wa mtama unatokota nyuma yangu. Sostenes, mwanangu wa kwanza, alisimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi. Siku hiyo alirudi mapema kutoka ofisini, na sijui alikuwa ameniangalia kwa muda gani.

"Ni kweli umeandikisha jina kwa mwalimu Amne?"

"Ni kweli."

"Kwenye maigizo."

"Igizo la kuchekesha, la kuimba na kucheza. Usaili Jumamosi, saa nne asubuhi."

Akakaa juu ya ndoo ya maji. Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mzee wa kanisa, na suruali yake iliyopigwa pasi, akakaa juu ya ndoo kama aliyeletewa habari za msiba.

Mwalimu Amne anafundisha watoto pale pale Mandewa, mtaa wa Singida anakoishi Sostenes, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha sanaa cha mtaa wetu. Igizo lao jipya linaitwa *Bibi Hajafa*. Ni habari ya mjane ambaye watoto wake wanagawana vitu vyake chumba cha pili, yeye mwenyewe anawasikia. Niliposimuliwa habari hiyo sokoni, kwenye mafungu ya vitunguu, nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima. Nilihamia kwa Sostenes kutoka Shelui tulipomaliza kumzika baba yake, mzee Alute, na tangu hapo kila nikishika jembe naambiwa, Mama pumzika. Nikishika ndoo, Mama pumzika. Miaka mitatu. Nimepumzika mpaka nimechoka.

"Na yule Msukuma naye yumo?" Sostenes akauliza.

"Gaspari? Nasikia naye kaandikisha."

"Basi sikiliza, Mama. Ukipanda jukwaa moja na yule mzee, uchague na pa kurudi."

Hana, mkwe wangu, aliacha kukata mlenda. Kisu kikabaki hewani. Yeye ndiye aliyeniandikia jina, lakini hilo lilikuwa letu wawili.

"Pa kurudi ninapo," nikamjibu. "Shelui kuna nyumba, na ufunguo ninao mimi. Ngoja ule, ugali unaiva."

Sasa huyo Gaspari nimwelezee. Ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko Mandewa karibu na mashine ya kukamua alizeti, na mkewe alifariki mwaka mmoja kabla ya mume wangu. Yeye ni Msukuma, sisi Wanyiramba, na Msukuma na Mnyiramba ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki. Akiingia kwako akabeba jogoo, humfuati. Kwa miaka arobaini Gaspari alikuwa akija kwetu Shelui, anasimama uani mbele ya mume wangu mwenyewe, anaita kwa sauti, "Mke wangu, huyu mzee bado hajakufukuza nikuchukue?" Alute anacheka mpaka anakohoa. Mimi namwambia aende kwanza akaoge. Hapo ndipo chai inapochemshwa.

Alute alipofariki, Gaspari alifanya kazi ya mtani. Jeneza likiwa bado juu ya ardhi, akachukua kofia ya pama ya marehemu, akaivaa, akatembea mbele ya waombolezaji akichechemea kama Alute, maana Alute aliwahi kuangukiwa na mkokoteni. Akaenda hivyo mpaka zizini, akageuka, akauliza kwa sauti ile ile ya Alute, "Nani kamwaga maziwa?" Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Na mimi nikacheka. Gaspari akaondoka na ile kofia, na hakuna aliyeidai. Kwetu alichobeba mtani, msibani au harusini, hakirudi.

Lakini Sostenes alisomea mbali, shule za bweni tangu akiwa mdogo. Utani ameusikia, hakuuishi. Siku ile ya mazishi aliinama akaangalia viatu vyake, na tangu hapo jina la Gaspari halikutajwa mezani kwake.

Ijumaa mchana simu ikalia.

"Mke wangu, umekula?"

"Mwizi wa kofia, unataka nini?"

Nikasikia mtu kwenye kibanda chake akipuliza mpira wa baiskeli.

"Rahabu," akasema.

Nikaitoa simu sikioni nikaiangalia. Kwa miaka arobaini huyu mtu hajawahi kuniita jina langu.

"Kesho nina neno la kukuambia," akasema.

"Liseme sasa."

"Si neno la simu."

Akakata. Baada ya muda ukaingia ujumbe: *Kesho nakuja kukuposa. Sitanii.*

Nikamjibu: *Hata mwizi husema haibi. Leta ng'ombe arobaini, na wewe uoge.*

Nikamwonyesha Hana, tukacheka mpaka Hana akashika ukuta. Hapo ndipo nilipokosea, na sidhani kama ni kosa langu peke yangu. Mtu akikwambia neno moja kwa miaka arobaini kwa kicheko, siku akilisema bila kicheko utalijuaje?

Jumamosi nilivaa kitenge changu cha bluu, nikafunga lile koti kwenye mfuko, nikatoka Sostenes akiwa anaosha pikipiki. Hakuinua kichwa. Nilimwambia kwaheri mara mbili.

Ukumbi wao zamani ulikuwa ghala la alizeti, mpaka leo unanukia mashudu, na upepo wa Singida unavyojua kusumbua, mabati yalikuwa yanapiga juu kama mtu anayegonga mlango. Nilipewa nambari kumi na saba. Mbele yangu walikuwepo mabinti wawili wanajipaka poda, mmoja akanigeukia kwa adabu.

"Shikamoo bibi. Umemleta mjukuu?"

"Marahaba. Nimejileta."

Wakatazamana. Vijana waliokuwa nyuma wakaanza kunong'ona, mmoja akasema ngazi ya jukwaa ni ndefu, bibi asije akatuachia msiba. Nikamwambia akae karibu basi, nikianguka nimwangukie yeye. Gaspari nilimwona kwenye benchi la mwisho, shati jeupe, kanyoa ndevu, mfuko wa plastiki kaukumbatia magotini. Nikamtolea ulimi. Hakucheka. Nikadhani ni woga wa usaili.

Nambari yangu ilipoitwa nilivaa koti, nikapanda. Mwalimu Amne akanisalimia shikamoo, akaniuliza nitaimba nini. Nikamwambia wimbo nimeutunga jikoni, ila unahitaji waitikiaji. Nikiuliza, wao wajibu "yupo". Mathayo, mpiga ngoma wao, akaanza taratibu.

"Mmegawana vyungu, na mpishi je?"

"Yupo."

"Mmegawana kitanda, na mlalaji je?"

"Yupo."

"Mmegawana shamba, na mlimaji je?"

"Yupo."

"Mmegawana fimbo yangu, na migongo yenu je?"

Ukumbi ukakwama. Kisha yule kijana aliyeogopa msiba akajibu, "Ipo," na watu wakaangua kicheko mpaka Mathayo akakosa mapigo. Nilisikia kitu kikifunguka kifuani. Nilikuwa nimesahau kwamba nina sauti.

Mwalimu Amne akafuta macho, akasema sasa tujaribu kipande cha mzee anayekuja kumposa yule bibi. Nani atasimama? Gaspari akainuka na mfuko wake. Alikuwa hajafika hata kwenye ngazi, simu yangu ikatetemeka mfukoni mwa koti, na kabla sijausoma ujumbe wa Hana kwamba mumewe anakuja, mlango ukafunguliwa. Upepo ukaingia na Sostenes.

"Mama, twende."

"Sijamaliza."

"Watu wanakucheka."

"Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Wasipocheka nimefeli."

Watu wakacheka kidogo, wakajikamata. Sostenes akatembea mpaka chini ya jukwaa. Akamgeukia Gaspari, na hata hapo, kwa malezi niliyompa, alianza na salamu.

"Shikamoo mzee. Wewe ulivaa kofia ya baba yangu tukiwa tunamzika. Ukamwigiza kilema chake mbele ya watu." Akanitazama mimi. "Na wewe, Mama, ulicheka. Nilikuona. Ulicheka kuliko wote. Miaka mitatu najiuliza kama ulimpenda."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa limekaa ndani ya zile "Mama pumzika" zote. Nilishuka ngazi mbili, nikakaa kwenye ngazi ya tatu ili macho yetu yawe sawa.

"Sostenes. Nililia siku mbili usiku na mchana mpaka sura ya baba yako ikanipotea. Nikifumba macho naona sanduku. Nikifumbua naona sanduku. Huyu alipovaa ile kofia akachechemea kwenda zizini, nilimwona Alute anatembea. Mara ya mwisho kumwona mume wangu ni pale. Ungetaka nifanye nini, nilie?"

Gaspari akaufungua ule mfuko. Akatoa kofia ya pama, imepigwa brashi, utepe wake mweusi umeshonwa upya. Watu wazima waliokuwemo ukumbini, Wanyiramba na Wasukuma, walijisogeza mbele kwenye viti, maana walielewa kabla vijana hawajaelewa. Mtani harudishi. Mtani akirudisha alichobeba, ameuvunja utani wake na mtu huyo. Kuanzia hapo kila atakalosema ni la kweli, na atalijibia.

Akamnyooshea Sostenes ile kofia kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nilibeba hii kwa utani. Leo naileta bila utani. Nimekuja kumwomba mama yako."

Nikakumbuka ule ujumbe. *Sitanii.* Masikio yakaniwaka moto. Wakati huo huo hasira nayo ikapanda, kwa sababu Sostenes alikuwa tayari anainua mkono, na sijui kama ni wa kupokea au wa kusukuma, lakini wote wawili walikuwa wanatazamana wao kwa wao, na mimi nimekaa kwenye ngazi kama mbuzi wa mahari.

"Lete hapa hiyo kofia," nikasema.

Wote wakageuka.

"Hiyo kofia ilikuwa ya mume wangu, haikuwa ya Sostenes. Na anayeombwa ni mimi. Gaspari, ukitaka jambo langu niulize mimi."

Akaja akasimama mbele yangu. Mzee wa miaka sitini na nane, mafuta ya mnyororo bado yamo kwenye kucha.

"Rahabu, utakubali nikuoe?"

"Kaa kwenye foleni. Sijamaliza usaili wangu."

Nikaichukua kofia, nikaivaa, nikapanda ngazi zote bila kushikwa mkono. Nikamwambia Mathayo apige. Nikaimba ule wimbo tangu mwanzo, safari hii nikichechemea mwendo wa Alute kutoka ncha moja ya jukwaa mpaka nyingine, na kila niliposema "je" niliwanyooshea kidole watu wa mbele, wakajibu wote, mabinti wa poda na vijana wa nyuma. Sostenes alibaki amesimama. Mabega yalikuwa yanamtingishika na uso kauficha kwenye kiwiko. Nilipomaliza hakuwepo. Nilisikia pikipiki tu.

Mwalimu Amne akasema bibi ameshapatikana, hana haja ya kuita nambari kumi na nane. Mimi nikashuka kwa Gaspari.

"Sasa nikujibu. Nitaolewa na wewe. Lakini mimi nilimzoea mwizi, sitaki mtu wa kuniheshimu kutwa nzima. Utani na mimi umeuvunja, sawa. Na wanangu usiuvunje. Wao wabaki watani wako."

"Hata Sostenes?"

"Huyo kwanza."

Jioni ile ile nilipanda basi la Shelui. Sikwenda kwa kununa. Niliambiwa nichague pa kurudi, nikachagua. Nilifungua nyumba yangu, nikafukuza popo, nikachemsha chai kwenye lile jiko langu la mafiga. Siku za mazoezi nilikuwa naondoka alfajiri kwenda Mandewa, jioni narudi. Hana alikuwa ananipigia kila siku. Sostenes, kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Moyo uliniuma, siwezi kudanganya, ila sikutuma neno la kuomba msamaha, kwa sababu sikuwa na kosa la kuliombea.

Wiki ya sita, tarehe ya kanisani ikiwa imeshatangazwa, ukaingia ujumbe: *Mama shikamoo. Siku hiyo upande wa marehemu baba atasimama nani?*

Niliusoma mara nyingi. Nikamjibu: *Marahaba. Nafasi ipo.*

Ndoa ilifungwa asubuhi, karamu ikawa uani kwangu Shelui. Kuku wa kienyeji, wali wa mpunga wetu, kikundi kizima cha Amne kimekuja na ngoma zao. Sostenes alifika na Hana, akanisalimia, akakaa upande wa baba yake, mgongo umenyooka kama yuko ofisini. Gaspari alikuwa amevaa kofia mpya, ya kijivu, aliyoinunua kwa siku hiyo tu, na alikuwa anaigusa kila dakika kuhakikisha ipo.

Tulipoanza kula Sostenes akainuka. Nikaacha kutafuna. Akapita nyuma ya meza, akafika kwa bwana harusi, na bila kusema shikamoo akaivua ile kofia, akaivaa yeye. Kisha, mwanangu, mzee wa kanisa, akainama kama mtu anayetafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli, akazunguka ua mzima akisikilizia hewa inapotokea, akafika mbele yangu, akaita kwa sauti ya Gaspari yenyewe:

"Mke wangu, huyu mzee bado hajakufukuza nikuchukue?"

Wasukuma waligonga meza. Gaspari alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikamwambia mwanangu aende kwanza akaoge.

Ile kofia ya kijivu iko Mandewa, imetundikwa ukutani kwa Sostenes. Gaspari anaipita kila akienda kuwatembelea, na hawezi kuidai.