Majina Yameshuka, Picha Zimebaki

Kila akirudi kutoka shule, Chapuchapu alivua viatu bila kufungua kamba, akatupa mkoba kwenye kochi na kunywa maji wima. Jina hilo hakupewa bure. Aliosha vyombo chapuchapu, vikabaki na mafuta. Alifagia chapuchapu, taka zikalala chini ya mkeka. Ukimuuliza kama kazi imeisha, jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Nimeshamaliza zamani!" Alikuwa hodari wa kumaliza kabla ya kuanza.

Siku hiyo alimkuta mama yake, fundi cherehani, amenuna. Gauni la mteja lilikuwa limeachwa chini ya sindano likiwa na mkono mmoja. Simu ilikuwa mezani, na sauti ya shangazi ilitoka humo kama maji ya moto.

"Wifi, nimechoka kukutunzia! Hifadhi yangu ya mtandaoni imejaa picha zako mpaka kazi zangu hazina pa kukaa."

"Picha za kaka yako leo zimekuwa zangu?"

"Si ulisema nimezikalia kama mwenye nyumba? Haya, hama! Ijumaa nafuta."

"Futa, na hiyo roho yako yenye kutu!"

"Kutu iko kwenye mkasi wako!"

Simu ikakatwa. Mawifi hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu walipogombania sanduku la spana la marehemu, ingawa hakuna kati yao aliyejua kufunga hata nati.

Baba yake Chapuchapu alikuwa fundi bomba. Enzi za uhai wake, kila picha au video aliyopiga kwa simu ilipanda kwenye hifadhi ya dada yake, ile ambayo watu huiita wingu. Si wingu la mvua. Ni kompyuta kubwa za kampuni fulani, ziko mbali, na mtu huzifikia kwa intaneti. Simu yenyewe ilizama kwenye pipa la maji, kifo cha kawaida kwa simu ya fundi bomba. Basi kila kitu kilibaki kwenye wingu, pamoja na video moja ambayo mama hakukosa kuitazama kila Jumamosi baada ya kufua. Ndani yake baba amelala chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana, anaimba vibaya kupita kiasi. Ghafla bomba linafyatuka, linamlowesha, naye anacheka mpaka anakohoa. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine popote.

"Mwanangu, wewe ndiye mjuzi wa mashine," mama akasema. "Zishushe zote zije kwenye kompyuta yetu. Video ya bomba kwanza."

Shangazi, pamoja na hasira zake, alituma neno la siri na maelekezo: Yenye alama ya wingu bado haijashuka. Zikishuka, zinakili nje ya folda yangu. Zima intaneti, kisha fungua moja moja; inayofunguka ndiyo yenu.

Chapuchapu aliunganisha kompyuta na hifadhi ile. Punde folda ikatokea, majina yote yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Akafungua picha ya kwanza, na baba akatokea amebeba ndoo. Kando ya majina mengine kulikuwa na kiwingu kidogo. Alipoamuru zishuke, mashine ikamwambia asubiri mpaka jioni. Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba.

"Chapu! Unakuja au umeolewa na hiyo kompyuta?"

Akakifumbia macho kile kiwingu, akafunika kompyuta.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimeshamaliza zamani!"

"Umezifungua?"

"Zote, mama. Hata ya bomba."

Mama akaandika ujumbe mfupi kwa wifi yake: Tumehama. Futa.

Shangazi hakuhitaji kubembelezwa. Ijumaa akafuta.

Jumamosi mama alikamua nguo ya mwisho, akakausha mikono kwenye kanga, akaketi mbele ya kompyuta. Folda ilikuwa tupu. Hata picha ya ndoo haikuwepo. Kumbe folda ile ilikuwa dirisha tu la kutazamia ghala la shangazi, na ghala likishafagiliwa, dirishani utaona nini?

"Iko wapi sauti ya mume wangu?" Mama aliuliza taratibu, na utaratibu ule ulitisha kuliko kelele.

Chapuchapu angeweza kusema kweli. Lakini uongo wa kwanza ulishazaa, na mtoto wake alikuwa mlangoni.

"Ni shangazi," akasema. "Ameingia huku, amefuta na za kwetu."

"Nilijua!" Mama hakubadilisha hata kanga iliyolowa. Akamshika mtoto mkono, safari ikaanza.

Shangazi alikuwa mpima macho. Chumba chake kilikuwa chembamba, kina pazia jeusi, sanduku la lenzi na ubao wa herufi: juu herufi kubwa kama kichwa cha mtu, chini ndogo kama sisimizi. Mzee mmoja alikuwa ameketi kitini, amevishwa fremu nzito ya chuma, jicho moja limezibwa.

"Mwizi wa sauti za wafu!" mama akaanzia mlangoni.

"Punguza sauti, wifi. Hapa si sokoni."

"Umeingia kwenye kompyuta yangu!"

"Mimi? Soma hapa kwenye simu! 'Tumehama. Futa.' Huo ni mwandiko wa nani, wangu?"

Mama akanyakua fimbo ya kuonyeshea herufi. Shangazi akadaka ncha ya pili. Wakavutana huku na huku, lenzi zikitetemeka sandukuni.

"Jamani," akasema yule mzee, "mimi nimeachiwa jicho moja tu, lakini naona huyo mtoto ana neno."

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi," Chapuchapu akasema. "Sikuzishusha. Niliona majina nikasema zimefika. Nilifungua moja tu. Na shangazi hakuingia popote. Nimemsingizia."

Fimbo ikaanguka.

"Umenileta hapa nimtukane mtu bure?" mama akasema.

"Wewe hata bila sababu ungenitukana," shangazi akajibu. Kisha uso wake ukabadilika. "Ngoja. Una maana huko kwenu haipo? Sauti ya kaka haipo popote?"

"Wewe hukubakiza nakala?"

"Nibakize, kisha useme bado nimezikalia?"

Shangazi akaiendea kompyuta yake mbiombio, akagonga meza kwa goti. "Vilivyofutwa hukaa kwenye pipa la taka la hifadhi mwezi mmoja, kama hakuna aliyelimwaga. Na mimi nilipanga kulimwaga leo nikifunga kazi."

Akalifungua pipa. Zote zilikuwemo.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shangazi alizirudisha mahali pake, akachomeka diski ndogo, akamwonyesha Chapuchapu kigoda. "Kaa. Leo utamaliza kweli."

Akakaa mpaka jua likageuka. Kila faili aliinakili kwenye diski, akazima intaneti, akaifungua, akaitazama. Mama na shangazi walikaa wamepeana migongo, mmoja akihesabu vigae vya juu, mwingine vya chini. Kisha wimbo mbaya ukajaa chumbani, bomba likafyatuka, baba akacheka mpaka akakohoa. Shangazi akaifuta miwani yake, ingawa ilikuwa safi.

"Irudishe nyuma," akasema.

"Mwache mtoto afanye kazi," mama akamkatiza. Halafu, kwa sauti ndogo, "Irudishe kidogo."

Kazi ilipoisha, shangazi akamsimamisha Chapuchapu mbele ya ubao.

"Mtu akisoma ile herufi kubwa ya juu akaniambia anaona, mimi simwamini. Namshusha mpaka mstari wa mwisho. Wewe uliona majina, ukaapa umeona picha. Huo ni uvivu, na dawa yake ingekuwa jioni moja ya kazi. Lakini uliufunika kwa uongo, na uongo ule nusura umzike kaka yangu mara ya pili. Shukuru umesema kweli kabla pipa halijamwagwa. Kesho hata kweli yako isingetusaidia."

"Nimekuelewa, shangazi. Nisamehe. Na wewe mama, nisamehe."

"Na mimi," akasema mzee, "naomba kuvuliwa hili lijichuma, pua imekufa ganzi."

Mlangoni shangazi akasema, "Wifi, nakala moja inabaki kwangu."

"Na sanduku la spana linabaki kwangu."

"Hilo tutaonana."

Nyumbani, Chapuchapu aliinama akafungua kamba za viatu. Akazihamisha picha kutoka kwenye ile diski hadi kwenye kompyuta yao, akazima intaneti, akaanza kuzifungua tena, kuanzia ya ndoo. Mama akachungulia.

"Umemaliza?"

"Bado, mama."

Mama akashika fremu ya mlango. Neno hilo, katika nyumba ile, lilikuwa halijawahi kusikika.