Ndoo Iliyomwagwa Karibu na Kisima

Abdulhalim hakuwa na shamba. Hakuwa na kaka wala dada. Hakuwa na redio, wala saa ya mkononi, wala cheti cha shule. Mtoto hakuwa amejaaliwa bado. Na kitu kimoja kingine hakuwa nacho, ambacho hakiuzwi dukani: hakuwa na mazoea ya kuuliza asilolijua.

Gari alikuwa nalo. Mwaka 1966 Mzungu mmoja alikuwa akirudi kwao, akamwachia kombi dogo kwa bei rahisi. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya kukunja, jiko la mafuta, na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na ndoo yenye kifuniko. Hicho kilikuwa choo cha safarini.

"Dawa ya ndoo ni hii," Mzungu alisema, akampa chupa kubwa. "Na karatasi hii inaeleza namna ya kutumia. Utaisoma?"

"Nitaisoma," alijibu Abdulhalim. Akaitia karatasi katika mtoto wa meza, akaifungia humo.

Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari, na mkono wake ulikuwa hodari. Alilishonea lile sanduku mto wa ngozi nyekundu, likawa kama kiti cha sebuleni. Mama yake, Bi Mwanakuu, alikikalia akacheka.

"Mwanangu, kiti hiki kizuri kushinda cha bwana harusi! Nani atajua chini yake mna nini?"

"Hakuna atakayejua, mama. Ndiyo maana ya mto."

Sufi ya kujazia mito ile ilitoka kwa Mzee Katana, Mgiriama aliyekaa ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Kila mwaka Katana alimletea Abdulhalim magunia nyumbani kwake Kibokoni, Mombasa, na kila mwaka alisema, "Na nyinyi njooni kwangu." Mwaka ule wakaenda: Abdulhalim, mkewe Tumu, na Bi Mwanakuu.

Kivukoni walingoja muda wa saa nne juani. Bi Mwanakuu tumbo lilikuwa likimwendesha tangu alfajiri. Mbele malori yalipangana, nyuma malori yalipangana, na kando ya njia wamejaa wanaume. Mwanamke mwenye buibui angekwenda wapi? Tumu alifunga mapazia ya gari, akampa mama mkwe kopo la maji.

"Kumbe huyu Mzungu alikuwa na akili," Bi Mwanakuu alisema alipotoka nyuma ya pazia.

Walifika jioni. Gari likazama mchangani karibu na boma, na jirani aliyeitwa Kavumbi akaja na wanawe kulisukuma. Katana akawaweka penye kivuli, hatua chache kutoka kisimani. Mkaza mwana wake, Dama, akawaletea maji huku amembeba mtoto wa miezi minane mgongoni.

Kwa Katana hapakuwa na choo. Watu walikwenda porini. Basi Bi Mwanakuu na Tumu wakaendelea kutumia ndoo, na kila mara walistanji, yaani walijisafisha kwa maji, kama ilivyo desturi. Kopo baada ya kopo, maji yakaingia ndooni. Siku ya pili asubuhi ndoo ikajaa mpaka ukingoni. Dawa iliyokuwa ndani ikawa maji matupu.

"Bwana, itamwagwa wapi?" Tumu aliuliza.

"Niachie mimi."

"Si umuulize Mzee Katana?"

"Nimuulize nini? Nimwambie nimekuja kwake na kinyesi cha mama yangu? Hata, Tumu."

Alingoja wenyeji wote waende shambani. Palikuwa na kichaka kimoja tu kilichoweza kumficha mtu, nacho kilikuwa nyuma ya kisima, mahali palipoinuka. Akafukua shimo la kina cha kiganja, akamimina, akafukia kwa mguu. Kisha akaisuuza ndoo kwa maji ya kisima, na maji yale akayamwaga palepale. Akarudi akichungulia huku na huku kama mwizi. Lakini hakuna aliyemwona.

Kesho yake walirudi Mombasa.

Siku ya nne tangu kurudi, Bi Mwanakuu alipandwa na homa. Kichwa kilimwanga, akawa hali chakula, akaanza kuwaita kwa majina watu waliokufa zamani. Wakampeleka hospitali. Daktari akawaambia ni homa ya matumbo.

"Huambukiza?" aliuliza Tumu.

"Huambukiza. Vijidudu vyake hutoka katika choo cha mgonjwa, vikaingia katika maji au chakula cha watu wengine."

Abdulhalim alikuwa amesimama. Akatafuta benchi, akakaa.

Asubuhi iliyofuata Bwana Afya akapiga hodi Kibokoni. Jina lake Dzoro, mkazi wa Tononoka, mtu mfupi mwenye kofia ya kaki. Alitazama mtungi wa maji, akatazama choo, akatoka nje akalizunguka gari. Akauinua mto mwekundu.

"Ahaa. Na ndoo hii mliimwaga wapi?"

"Baharini," alisema Abdulhalim.

"Bahari gani?"

"Bahari... ya Kilifi. Kivukoni."

Bwana Dzoro akaandika kitu katika daftari. "Msisafiri mpaka tuwapime nyote wawili. Mnaweza kuwa na vijidudu hata bila homa," alisema. Akaaga akaenda zake.

Siku ile Abdulhalim hakuweza kufanya kazi. Sindano ilimchoma kidole mara mbili. Kila alipokunywa maji alikiona kile kichaka. Saa saba Tumu alimletea wali, akaukuta wa jana haujaguswa.

"Bwana, yule mtoto wa Dama anakunywa maji gani?"

Abdulhalim akainamia sindano yake.

"Nakuuliza wewe. Nilimwona Dama akimpa kwa kiganja, pale pale kisimani. Ndoo ilimwagwa kwa Katana, nami nilikusikia ukisema baharini. Nikanyamaza kwa kukustahi mbele ya mgeni. Lakini mtoto yule akifa, nitakustahi vipi?"

"Wataniona mtu wa namna gani, Tumu?"

"Mtu aliyesema. Hebu vaa kofia yako uende."

Alikwenda kwa miguu mpaka Tononoka. Njiani alisimama mara tatu akataka kurudi. Alimkuta Bwana Dzoro mlangoni akipiga viatu vyake rangi.

"Bwana Afya, ile ndoo sikuimwaga baharini."

"Najua," alisema Dzoro. "Kivuko cha Kilifi nimepita mara mia. Pale huwezi kupiga hata chafya watu wasikuone. Sembuse kumwaga ndoo! Sema."

Abdulhalim akasema yote: kichaka, shimo, kisima.

"Hatua ngapi kutoka kisimani?"

"Kumi. Labda nane."

"Juu au chini?"

"Juu kidogo."

Bwana Dzoro aliiweka brashi chini. Uso wake ulibadilika, na hapo Abdulhalim akaogopa kuliko siku zote. "Mchanga ule unapitisha maji kama kitambaa. Mvua moja tu, uchafu wote uko kisimani. Twende ofisini nipige simu zahanati yao. Leo hii wachemshe maji, na kesho mtu akatie dawa kisimani. Jina lako sitalitaja. Hilo ni lako wewe mwenyewe kulitaja."

"Nao watapona?"

"Sijui. Ugonjwa huu hujificha wiki moja, mbili, hata tatu. Tutangoja."

Wakangoja. Siku hizo Bwana Dzoro alikuja Kibokoni mara nyingi. Siku moja Abdulhalim akamtolea ile karatasi ya Mzungu katika mtoto wa meza, naye akaisoma.

"Yote yalikuwa humu! Kopo moja la dawa, makopo mawili ya maji, basi. Wazungu wenyewe hutumia karatasi chooni, ndiyo maana ndoo yao haijai upesi. Sisi tunastanji. Hilo halina neno, wala hamwachi desturi yenu. Lakini lazima hesabu yenu iwe nyingine."

"Ipi?" aliuliza Abdulhalim. Lilikuwa neno dogo, lakini Tumu alimtazama mumewe kwa mshangao.

"Chukueni ndoo mbili, zote na vifuniko. Tumieni kopo dogo, si lile la kuogea. Ndoo ikifika nusu, usingoje. Ifunike, tumia ya pili. Ukishamwaga tia dawa upya, kwa maana ya zamani imezimuliwa na maji. Kumwaga ni katika choo cha shimo refu, na uombe ruhusa kwa mwenyewe. Kama hakuna choo, chimba shimo lifike kiunoni, upande wa chini wa kisima, hatua hamsini au zaidi, kisha fukia sawasawa. Maji ya kusuuzia ndoo nayo ni uchafu. Yamwage shimoni humo humo."

"Na baharini?"

"Watoto wanaogelea wapi? Samaki unamtoa wapi? Hata baharini usimwage. Na mikono, bwana, kwa sabuni. Kila mara. Ungefanya hivyo, lakini kwanza ungemwambia mwenyeji wako, 'Mzee, nina ndoo, niimwage wapi?' Maneno yenyewe ni hayo tu."

Wiki ya kwanza ikapita. Kila alipoona basi la Malindi, Abdulhalim aliogopa kwamba limebeba habari ya msiba. Majibu yao yakatoka: yeye na Tumu hawakuwa na vijidudu. Wiki ya pili Bi Mwanakuu akaanza kunywa uji. Mwisho wa wiki ya tatu alirudi nyumbani, amekonda, na hodi ya Bwana Dzoro ikasikika.

"Semeni alhamdulillahi. Zahanati wamepiga simu. Kwa Katana hakuna aliyeugua hata mmoja. Kisima kimetiwa dawa, maji yanachemshwa. Mtoto wa Dama ameota jino."

Tumu akalia. Abdulhalim naye akageuka upande wa ukuta.

"Lakini kuna jambo," alisema Dzoro. "Mzee Katana anasema aliyechafua kisima ni jirani yake Kavumbi, kwa mbuzi wake. Amemkataza asichote. Wale watoto wa Kavumbi sasa wanakunywa maji ya dimbwi, nalo halikutiwa dawa."

Kavumbi. Mtu aliyesukuma gari mchangani mpaka shati likampasuka.

"Huko kuficha mambo si ndiko tulikotoka?" Bi Mwanakuu alisema kutoka kitandani, kwa sauti ndogo. "Ugonjwa ulikuwa wangu, mwanangu. Basi nitaje na mimi humo."

Abdulhalim alichukua karatasi. Barua ya kwanza ilijaa salamu na habari za mvua. Tumu akaisoma akamrudishia. "Hii haisemi kitu." Ya pili ilisema visima huchafuka msimu huu. Akaichana mwenyewe. Ya tatu ilikuwa hivi:

*Kwa Mzee Katana. Salamu sana. Aliyechafua kisima chako ni mimi, si Kavumbi wala mbuzi wake. Mama alikuwa mgonjwa, nami nikamwaga ndoo yake nyuma ya kichaka bila kukuuliza, kwa kuona haya. Mrudishie Kavumbi kisima leo, kabla wanawe hawajaugua. Umsomee barua hii, asikie kwa jina langu. Nitakuja kuchimba choo kwako kwa mikono yangu, ukinikubali. Usiponikubali, una haki. Mimi, Abdulhalim, fundi wa viti, Kibokoni.*

Basi la mchana lilikuwa limekaribia kuondoka. Abdulhalim aliikunja barua, akaitia katika bahasha, akaipeleka mdomoni ailambe.

"La," alisema Tumu. "Umesahau?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza kwa wiki tatu. Akanawa mikono kwa sabuni, akachovya kidole katika maji yaliyochemshwa, akapitisha juu ya gundi. Akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akatoka mbio hadi stendi ya Mwembe Tayari, akaiweka mkononi mwa Nicodemus, dereva wa basi la Malindi.

"Ya nani hii?"

"Ya Mzee Katana, ng'ambo ya kivuko. Mpe yeye mwenyewe, leo."

"Ina haraka gani?"

"Kuna watoto wanakunywa maji ya dimbwi," alisema Abdulhalim. Nicodemus akaitia barua katika mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akawasha gari.