Masomo Manne Aliyoyaacha Brenna

Arlen Thorsen alikuwa na ng'ombe wa maziwa hamsini na wawili, na binti mmoja. Alijivunia wote. Kila Ijumaa alikula samaki wa kukaanga na majirani kwenye baa ya njia panda. Na kila Ijumaa alisema maneno yale yale.

"Nilipovunjika nyonga nililazwa miezi mitatu. Brenna wangu hakukosa darasa hata siku moja! Na huyu Dale akanikamulia ng'ombe wote. Jirani ni huyo, bwana!"

Dale aliinamia sahani yake. Wengine walikohoa. Arlen hakuona kitu. Kila Krismasi alimpelekea Dale soseji nene ya nyama ya kulungu, aliyoikausha mwenyewe kwa moshi. Miaka sita, soseji sita.

Brenna sasa alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alitaka kusomea utabibu msaidizi. Tabibu msaidizi hupima wagonjwa na kuandika dawa, akifanya kazi pamoja na daktari. Jirani yao, Roz Pawlak, alifanya kazi hiyo katika zahanati ya mji.

Jumamosi moja ya Septemba, Roz alikuja kurudisha bakuli. Arlen alikuwa bado bandani. Brenna alikuwa mezani na kompyuta yake.

"Fomu ya kuomba vyuo nimemaliza," Brenna alisema. "Nikibonyeza hapa tu, imekwenda."

"Hebu kwanza nione." Roz alivaa miwani, akasoma. Ghafla akasimamisha kidole. "Mbona naona chuo kikuu peke yake? Kile chuo cha wilaya ulichoanzia kiko wapi?"

"Nimekiruka."

"Ati nini?"

"Kule sikupata alama yoyote, Roz. Nilijiondoa katika masomo yote manne. Kwenye karatasi ya matokeo kuna W tupu, nne zimepangana. Nani atamtaka mtu wa hivyo?"

Roz alishtuka mpaka akalisukuma bakuli, nusura lianguke.

"Mungu wangu! Toa mkono wako hapo! Fomu imesema utaje kila chuo ulichosoma. Kila chuo, Brenna! Hata kama ulikaa mwezi mmoja. Hata kama hukumaliza. Na mwisho unatia sahihi kwamba umesema kweli. Wakigundua umeficha, hawatajali tena masomo. Watajali uongo. Utanyimwa nafasi kwa kitu ambacho si kosa."

"Lakini W nne!"

"W si kufeli. Maana yake uliondoka kabla somo halijaisha. Haihesabiwi kwenye wastani wa alama zako. Wataiona, ndiyo, na watajiuliza kwa nini. Basi wajibu kabla hawajauliza. Hata mimi ninazo mbili, za fizikia."

"Wewe?"

"Mimi. Na juzi nani alimshona baba yako kidole?"

Brenna alicheka kidogo. Kisha macho yakamjaa machozi.

"Sikiogopi chuo peke yake," alisema kwa sauti ya chini. "Namwogopa baba. Alipokuwa kitandani aliniambia, 'Ukiacha shule kwa ajili ya ng'ombe wangu, nawauza wote.' Ningefanyaje? Dale alikamua siku kumi, halafu mahindi yake yakawa tayari kuvunwa. Nikaingia bandani mwenyewe. Nikamwomba Dale asiseme."

"Najua," Roz alisema. "Lakini miaka sita, Brenna! Sasa basi. Agiza matokeo kutoka chuo kile yaende kunakohusika. Na nakala yako ije hapa nyumbani, tuisome pamoja."

Hapo wote wawili walisahau jambo moja. Katika nyumba ile, Arlen ndiye aliyechukua barua kwenye sanduku la barabarani. Na alizifungua zote bila kutazama jina. Ilikuwa tabia mbaya, na hakuna aliyewahi kumkanya.

Alhamisi iliyofuata, Brenna na Roz walikuwa jikoni. Arlen aliingia na buti za bandani, zimejaa tope. Hakuwahi kufanya hivyo tangu mkewe afariki. Mkononi alishika karatasi.

"Kemia, W," alisoma. "Biolojia, W. Hesabu, W. Kiingereza, W. Ni mwaka ule nilioanguka. Nini hii?"

"Nilijiondoa, Baba."

"Kwa nini?"

Brenna alitupa macho kuelekea bandani. Arlen akayafuata macho yake. Kisha uso wake ukapauka.

"Nani alikamua ng'ombe wangu?"

"Mimi."

"Si Dale?"

"Dale siku kumi. Zilizobaki mimi. Asubuhi na jioni."

Arlen alishika ukingo wa sinki. Alikuwa kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe aliyemwamini.

"Nani anajua?" aliuliza.

Roz alitazama dirishani. "Watu wote, Arlen. Hata dereva wa lori la maziwa."

"Watu wote! Na mimi kila Ijumaa nabwabwaja, na wao wananitazama tu!" Alipiga sinki kwa kiganja. "Na Dale anazila soseji zangu!"

Hakuna aliyecheka. Arlen alikaa taratibu, kwa sababu ya ile nyonga.

"Ningewauza kweli," alisema.

"Najua, Baba. Ndiyo maana sikukuambia."

Mzee alifuta macho kwa mkono wa shati. Akamsogezea Brenna karatasi. "Andika. Waambie yote."

"Si yote," Roz alisema. "Maneno machache. Sema kilichotokea. Usijililie, usimlaumu mtu. Kisha onyesha ulichofanya baadaye."

Brenna alikiongeza chuo cha kwanza kwenye fomu. Akaandika: "Baba yangu aliumia mwezi Septemba. Nilijiondoa katika masomo manne ili nikamue ng'ombe wetu. Mwaka uliofuata niliyarudia yote chuo kikuu, nikapata A tatu na B moja. Tangu hapo sijaacha somo lolote."

Arlen alisoma mara tatu. "Hujataja baridi," alinung'unika.

"Baridi haihitajiki, Baba."

Vyuo viwili vilimkataa. Cha tatu kilimwita kwenye usaili. Waliuliza kuhusu zile W, naye akajibu kwa sentensi mbili bila kutetemeka. Mama mmoja kati ya wasaili akauliza, "Ng'ombe wangapi?" Mapema Desemba ilikuja barua. Safari hii Arlen hakuifungua. Aliishika kwa ncha za vidole mpaka Brenna aliporudi kutoka kazini. Brenna aliisoma akiwa amesimama. Alikuwa amepata nafasi.

Siku ya Krismasi Arlen alitoa soseji kwenye moshi, akaifunga utepe mwekundu. Akavaa koti, akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

"Ina maana bado anampelekea Dale!" Brenna alijisemea. Hakuamini.

Mara akasikia hodi kwenye mlango wa mbele. Mlango ule hautumiwi siku za kawaida. Ni wa wageni wa heshima na wa misiba. Brenna aliuvuta kwa nguvu mpaka ukafunguka. Baba yake alikuwa amesimama kwenye theluji, kofia mkono mmoja, soseji mkono wa pili.

"Samahani," Arlen alisema. "Namtafuta mtu aliyenikamulia ng'ombe wangu. Nimechelewa miaka sita."